Mstari wa Juani na Mstari wa Kivulini

Haya niliambiwa na Abalo, mke wa mwenyekiti wetu wa mtaa, asubuhi moja ya mwezi wa kwanza. Tulikuwa tumekaa nje ya jiko lake tunachambua mukene, wale samaki wadogo wanaokuja na mchanga wote wa ziwa. Mambo yenyewe yalikuwa yametokea miezi michache nyuma. Mengine niliyaona kwa macho yangu, lakini yale ya ndani ya nyumba yake nisingeyajua bila yeye. Abalo akicheka hushika mbavu kwa mikono miwili, kwa hiyo mukene walichambuliwa kwa mkono wangu tu.

Mtaa wetu uko upande wa Luzira, hapa Kampala, ukishuka kuelekea Port Bell. Humo tumo sisi wake na wajane wa askari waliotoka Kaskazini, na wamo Wakongo, ambao kila mwaka wanaongezeka na kila mwaka wanaimba kwa sauti kubwa zaidi kanisani. Waganda wenye viwanja vyao nao wamo, wanatukodisha sisi sote na kutulalamikia sisi sote. Tunaishi vizuri. Tunagombana juu ya maji ya bomba, tunazikana.

Sasa, hapa kwetu mwenyekiti wa mtaa ni mtu mdogo sana serikalini, lakini ana muhuri. Bila barua yake yenye muhuri huwezi kumdhamini mwanao polisi, huwezi kufungua akaunti benki. Na kama wewe ni mgeni, huongezewi pasi ya kukaa, kwa sababu ofisi ya pasi inataka barua ya kusema kwamba mgeni fulani, wa nchi fulani, kweli anakaa mtaa fulani na hajamuibia mtu. Ndiyo maana watu wazima wenye wajukuu wanakiangukia cheo hicho kama watoto wanaogombea mfupa.

Mwaka ule serikali ilirudisha kura za mitaa baada ya miaka mingi ya kuahirisha. Kura hizo hazina karatasi wala sanduku. Mgombea anasimama pale, na wewe unayemtaka unasimama nyuma yake, halafu msimamizi anapita akihesabu watu kama mbuzi wa mnada. Kila mtu anaona nani kasimama nyuma ya nani, na ukimsaliti shemeji yako, unamsaliti mchana kweupe mbele ya mama yake.

Wagombea wetu walikuwa wawili. Wa kwanza Okullo, mume wa Abalo, aliyestaafu uaskari jela na bado anatembea kama anayefuatwa na wafungwa. Wa pili Erinayo, Mganda muuza makaa, mtu mpole mwenye tabasamu la kudumu. Erinayo alifika uwanjani mapema akachagua kivuli cha ukuta wa ukumbi wa kanisa. Okullo alikuja amechelewa, akabaki na jua. Alisema askari haogopi jua. Abalo anasema kweli hakuogopa, walioogopa ni sisi tuliosimama nyuma yake.

Na hapo ndipo anapoingia Pélagie.

Pélagie ni Mkongo, Mnande wa Beni. Alikuja Kampala na pasipoti yake mkononi kama mfanyabiashara wa vitenge, na nyuma yake vita vikafunga mlango. Nyumba yake ya Beni ilichomwa zikabaki nguzo. Mumewe, Kasereka, alibaki Butembo akisema anakuja mwezi ujao, na hiyo miezi ijayo imekuwa mingi. Watu walimwambia ajiandikishe mkimbizi. Akauliza mkimbizi anapewa nini, wakamwambia anaweza kupelekwa makambini akapewe kipande cha shamba. Pélagie tangu azaliwe hajui jembe linashikwa upande gani. Akasema hapana, yeye ni mtu wa duka, atakaa kwa pasi ya mgeni. Kila pasi ilipoisha alikwenda kuiongeza, na kibanda chake pale soko la Owino kikawalisha yeye na binti yake Exaucée.

Siku ya kura alikuwa anarudi kutoka Owino na furushi kichwani. Akaona uwanjani mistari miwili ya watu.

Lazima uwajue Wakongo ndipo uelewe. Mtu aliyepita vita akapita mpakani akapita kambi za njiani, akiona mstari hauulizi. Anaingia kwanza, swali atauliza akiwa ndani. Ukiuliza kwanza, unga umekwisha. Pélagie aliniambia mwenyewe kwamba kule alikopita aliwahi kupanga mstari nusu siku, alipofika mbele akakuta ni wa kung'oa meno, na bado alifikiria kidogo kabla ya kukataa.

Basi akaitazama mistari ile miwili kwa jicho la mzoefu. Wa kivulini, watu wameachana wakiegemea ukuta, ulionekana mrefu; wa juani, watu wamebanana, ulionekana mfupi. Mjinga anafuata kivuli. Pélagie akaenda juani, akasimama nyuma kabisa, akatua furushi lake, akamuuliza mama aliyekuwa mbele yake kama watu wamekuja na beseni au wanapewa na mfuko wake. Mama yule, mke wa askari, alidhani ni mzaha akacheka. Msimamizi alikuwa ametoka mjini, hakumjua mtu. Sisi wenyeji ndio tuliopaswa kumwonyesha wageni, lakini Pélagie tunamwona kila siku bombani. Tulimzoea mpaka tukasahau kuwa ni mgeni. Msimamizi akapita, akamgusa bega, akahesabu.

Okullo alishinda kwa mtu mmoja.

Watu wakaimba, wakambeba Okullo juu juu, wakamwangusha kidogo, wakambeba tena. Pélagie akangoja. Uwanja ukabaki mtupu, hakuna aliyegawa hata kipande cha sabuni. Akajitwika furushi akaenda nyumbani akimlaani mgawaji, mwizi yule aliyekula vyandarua vya watu. Kwa sababu moyoni aliamua kwamba vilikuwa vyandarua.

Baada ya wiki kadhaa pasi yake ikakaribia kuisha. Akavaa vizuri akaenda kwa mwenyekiti mpya kuomba barua. Okullo alimpokea kama ndugu. Alimkumbuka, yeye alikuwa wa mwisho kabisa katika mstari, na mtu aliyeshinda kwa mtu mmoja anamkumbuka wa mwisho. Akamwambia Abalo alete chai ya maziwa. Akamshukuru kwa kura yake. Pélagie hakujua kura gani, lakini mtu akikushukuru na una shida naye, unaitikia. Akaitikia. Okullo akaweka karatasi mezani, akaandika tarehe, akauliza barua iseme nini.

Pélagie akasema, "Iseme mimi ni mgeni, Papa. Mkongo. Nakaa hapa kwako kwa amani."

Abalo anasema kalamu ilisimama palepale. Okullo alimtazama yule mwanamke, akaitazama chai, akaona kwamba amemnywesha maziwa mtu anayeweza kumvua cheo. Mgeni hapigi kura. Akitoa barua yenye muhuri kusema huyu ni mgeni, ametoa barua yenye muhuri kusema wamefungana na Erinayo.

"Wewe si Mkongo," akasema.

Pélagie akatabasamu, akidhani ni heshima fulani ya kwetu.

Okullo akamuuliza jina lake la kuzaliwa. Akasema Masika. Okullo akapiga meza. Masika si wako tele Kasese? Wakonzo wa milimani, raia wa Uganda tangu babu, lugha yao si ileile anayoongea yeye? Basi yeye ni Mukonzo, kwisha. Pélagie akamweleza kwa upole kwamba ndiyo, lugha wanaelewana, mlima ni mmoja, lakini yeye alizaliwa upande ule mwingine, na Kasese hajawahi hata kulala, ameipita tu ndani ya basi akiwa amesinzia. Okullo akasema kusinzia ndiko kulikomfanya asiijue nchi yake.

Akaandika barua nzuri sana. Abalo aliisoma. Ilisema Masika Pélagie ni raia mwema, Mukonzo wa asili, anayejulikana na mtaa mzima. Akaipiga muhuri kwa nguvu mpaka chai ikaruka.

Pélagie akaipeleka ofisi ya pasi, kwa sababu barua ni barua, labda hawatasoma. Walisoma. Mama wa dirishani alikuwa mtu mtulivu. Aliiweka barua kando ya pasipoti ya Kongo, akatazama huku, akatazama huku.

"Hapa wewe Mkongo, hapa wewe raia," akasema. "Niongeze nani, nimrudishe nani?"

Akamweleza vizuri: raia haongezewi pasi, raia anaonyesha kitambulisho chake cha taifa. Kama hana, basi ni mgeni, na mgeni alete barua ya ugeni. Siku za pasi zikiisha kabla hajaileta, aelekee mpakani mwenyewe, ni nafuu kuliko kupelekwa. Na wakubwa wa sokoni nao walikuwa wamekwisha kusema hawataki mtu mwenye pasi iliyolala.

Kuanzia hapo Pélagie hakulala usiku. Alikuwa analala chali akitazama mabati, na Exaucée kando yake anakoroma kama mtu mwenye vitambulisho vyote. Alirudi kwa Okullo, Okullo akamsalimia Kikonzo. Kumbe alikuwa amekwenda kufundishwa salamu na dereva mmoja. Alirudi tena, akaambiwa mwenyekiti yuko kwenye mkutano, na miguu yake anaiona chini ya pazia. Okullo akawa anamtangaza mtaa mzima, yule dada yetu wa Kasese, mpaka mwanamke mmoja akaja kumuuliza Pélagie kama anamfahamu mjomba wake aliyehamia huko.

Habari ikamfikia Erinayo. Muuza makaa yule alipanda teksi mpaka Owino kununua kitenge asichokihitaji. Akashikashika kila kimoja, akavichafua viwili, ndipo akasema lililomleta. Yeye anamwamini kabisa kwamba ni Mkongo. Hajawahi kuona mtu Mkongo kama yeye. Aende tu naye kwa wakubwa wa wilaya aseme alisimama mstari wa Okullo, kura zirudiwe, na yeye Erinayo akishinda atampa barua ya ugeni siku hiyohiyo.

Pélagie akamuuliza, na mgeni aliyesimama kwenye kura anafanywa nini? Erinayo akatabasamu lile tabasamu lake akasema hilo sasa hajauliza. Kaltumi, Mnubi anayeuza mashuka kibanda cha pili, alikuwa anasikiliza. Alimwambia Pélagie baadaye kwamba wanaume hao wawili wanataka kupanda juu ya bega lake, mmoja kwa mguu wa kulia na mwingine kwa wa kushoto, na hakuna hata mmoja aliyevua kiatu.

Jumamosi Pélagie akaenda mazoezi ya kwaya. Akaimba vibaya mpaka mwalimu wa kwaya akasimamisha wimbo. Huyo ni Jean-Pierre, kinyozi, naye Mkongo. Akamuuliza ana nini. Pélagie akakaa kwenye benchi akamwaga yote: mstari, bega, chai, Kasese. Alilia kidogo. Alipoinua uso, hakuna aliyemhurumia. Walikuwa wanatazamana.

Guerschom, anayepiga ngoma, akakohoa. Akauliza, kwani ule mstari haukuwa wa vyandarua?

Kumbe naye alisimama. Jean-Pierre alisimama, aliacha mteja amenyolewa nusu kichwa. Victoire alisimama na mtoto mgongoni, na kabla ya hapo alimpeleka dada yake amshikie nafasi. Karibu kwaya nzima ilisimama siku ile, kila mtu akidhani ni peke yake, na wote walinyamaza. Na hawakunyamaza kwa sababu ya sheria, sheria hata hawakuijua. Walinyamaza kwa aibu ya Mkongo kupanga mstari akarudi nyumbani mikono mitupu. Hiyo huwezi kumsimulia mtu.

Pélagie akafuta machozi. Akauliza swali moja tu: walisimama upande gani?

Wote walisimama kivulini. Pélagie peke yake ndiye aliyefika baadaye akakuta kivuli kimejaa.

Wakapatana. Wengine nao walikuwa wanakaa kwa pasi kama yake, na siku moja wangehitaji barua ileile, na barua isingetoka kama Wakongo wote wa Luzira wamegeuzwa watu wa Kasese. Wangekwenda pamoja. Jumapili baada ya ibada wakaenda, na sare zao za kwaya, za zambarau. Erinayo alipowaona wakishuka akafikiri Pélagie ameleta mashahidi wake, akafunga duka akawafuata mbio huku amejaa makaa mpaka masikioni.

Abalo anasema alikuwa anakaanga vitunguu, sebule ikajaa zambarau. Okullo alipomwona Erinayo mlangoni alisimama wima kama siku ya gwaride. Akasema kama wamekuja kwa habari ya yule dada wa Kasese, ameshaandika.

Pélagie akapiga goti kidogo, akasema, "Papa Mwenyekiti, mimi ni Mkongo. Nilisimama nyuma yako siku ile, ndiyo. Nilidhani kuna chandarua."

Erinayo akapiga makofi. Akawaambia wote wamesikia. Abalo aliacha vitunguu viungue.

"Lakini sikuwa peke yangu," Pélagie akasema. Akamgeukia Jean-Pierre.

Jean-Pierre alijitambulisha kama anayeanza ibada. Yeye ni Mkongo wa Bunia. Naye alisimama siku ile. Okullo akamuuliza wapi. Akasema kivulini. Okullo akamtazama Guerschom. Kivulini. Victoire? Kivulini, na dada yake pia, na huyu mtoto naye aliguswa bega, anadhani alihesabiwa. Wakaendelea hivyo, zambarau baada ya zambarau, kivulini, kivulini. Makofi ya Erinayo yalikuwa yamekwisha zamani. Tabasamu lake lilibaki, lakini halikuwa na mtu nyuma yake.

"Mimi nilidhani mnanipenda," akasema.

"Tunakupenda, mzee," Jean-Pierre akamjibu. "Lakini tulikuja kwa chandarua."

Hapo ndipo Abalo alipolazimika kushika mlango. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni na mwiko mkononi. Alipoweza kusema, alimwambia mumewe ahesabu, si ndiye aliyehesabu wafungwa miaka yote? Ukiwatoa wageni wote, wa juani na wa kivulini, nani ameshinda, na kwa wangapi?

Okullo alihesabu kwa macho. Uliona hesabu ikipanda usoni mwake kama jua. Alikuwa hajashinda kwa mtu mmoja, alikuwa ameshinda vizuri kabisa. Ghafla hakuna mtu Uganda nzima aliyewataka Wakongo wawe Wakongo kuliko yeye. Akavuta kiti, akaita karatasi, akamwambia Pélagie asogee. Jina? Nchi? Kongo, ndiyo, Kongo. Akaandika kwamba huyu ni mgeni kabisa, si wa Kasese wala hana ndugu Kasese, na anakaa mtaani kwa amani. Akapiga muhuri. Akamwita Jean-Pierre. Jean-Pierre akasema pasi yake bado ina miezi, Okullo akasema haidhuru, mgeni ni mgeni, chukua. Aliwaandikia wote, hata mtoto wa Victoire ambaye alizaliwa hapa hapa Kampala, hospitali ya Nsambya, na mama yake alipomkumbusha akasema ataitengeneza siku nyingine.

Erinayo alitoka bila kuaga. Halafu akarudi, akasimama mlangoni, akamwomba Okullo kwa sauti ya chini kwamba basi mambo haya yaishie humu ndani. Okullo akasema mambo gani. Wakapeana mikono, Okullo akabaki na makaa kiganjani. Hivyo wakubwa hao wawili walipatana kwamba siku ya kura hapakuwa na mgeni hata mmoja uwanjani, na barua za wageni wote waliokuwa uwanjani bado hazijakauka wino.

Watu walipoondoka Okullo alikula vitunguu vilivyoungua bila kulalamika. Katikati ya chakula akamuuliza mkewe kama sasa inaonekana wazi kwamba wenyeji wenyewe wanampenda. Abalo akamwambia wanawake wa askari walisimama juani kwa sababu waume zao waliwatuma. Okullo akauliza, na yeye Abalo? Abalo akamwambia ale.

Jumatatu asubuhi Pélagie alikuwa ofisi ya pasi kabla ya mlango kufunguliwa. Mama wa dirishani alimkumbuka. Akasoma barua, akafika kwenye "mgeni kabisa", akairudia mara ya pili.

"Amegundua lini?" akauliza.

Pélagie akasema jana, baada ya ibada. Mama yule hakucheka, ila alijifuta pembe ya mdomo. Akagonga pasipoti, akaandika tarehe mpya, akamwonya kwamba hii nayo itaisha na itabidi aje tena na barua nyingine. Pélagie akasema anajua. Akashuka ngazi akiwa ameishika pasipoti wazi, akiogopa kuifunga kabla wino haujashika.

Alifika Owino jua likiwa juu ya kichwa. Akamwonyesha Kaltumi ule muhuri, Kaltumi akaubusu, akaanza kuuliza habari yote tangu mwanzo. Pélagie akakaa juu ya robota la vitenge ili amsimulie. Alifika mahali pa Okullo na salamu ya Kikonzo. Kaltumi alikuwa amegeuka kumpimia mtu shuka, akangoja sehemu inayofuata, haikuja. Alipotazama, Pélagie ameinama upande, shavu juu ya vitambaa, viatu bado miguuni, na pasipoti imebanwa chini ya kwapa.

Wachuuzi walikuwa wanapiga kelele za bei pande zote. Mama mmoja akaja akakitaka kitenge kilekile cha maua ya buluu kilichokuwa chini ya shavu lake, akavuta pembe kidogo. Kaltumi akamwondoa mkono, akamwambia hicho hakiuzwi sasa, arudi jioni. Mama akasema lakini mwenyewe si huyu hapa. Kaltumi akachukua shuka moja la kwake, jipya, lenye bei, akalifungua akamfunika Pélagie mpaka mabegani. Pélagie alivuta pumzi moja ndefu, akalegeza kwapa, akalala.